Mzigo wa Mwanafunzi na Kipimo cha Chumba

Kufunga mizigo ni maarifa ya kale kuliko shule. Msafiri wa zamani, aliyekwenda kwa miguu, alijua uzito wa kila kitu alichobeba kwa sababu bega lake ndilo lililokuwa mizani. Alichukua kilichomfaa, akaacha kilichomlemea, wala hapana mtu aliyemdharau kwa hilo. Mwanafunzi wa leo aendaye chuoni hapimi mzigo wake kwa bega, wala haupimi kwa chumba atakacholala. Huupima kwa karatasi. Karatasi hiyo huitwa maelekezo ya kujiunga, na mtu aliyepata kuisoma kwa makini hakosi kushuku kwamba aliyeiandika hakuingia chumbani na kamba ya kupimia kabla ya kushika kalamu.

Na atazamwe mwanafunzi wa Tingi, katika wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Akichaguliwa kwenda Dar es Salaam, mbele yake iko njia ya Mbinga, Songea, Njombe, Iringa na Morogoro, safari ipitayo kilomita 1,000. Habari ya kuchaguliwa inapofika, furaha huingia nyumbani kwa mlango wa mbele na orodha huingia kwa mlango wa nyuma: godoro la futi mbili na nusu, tranka la bati na kufuli lake, ndoo mbili, jozi mbili za mashuka ya rangi iliyotajwa, blanketi, chandarua, beseni, pasi, ufagio, jembe au kwanja, na bunda la karatasi. Shule za kidato cha tano na vyuo vya ualimu ndio mabingwa wa kuandika orodha za namna hii. Vyuo vikuu huandika machache zaidi, lakini mwanafunzi aliyekwisha kuzoea orodha huichukua ile ya zamani akaitia nyongeza kwa hiari yake.

Fedha ya kununulia vitu hivyo itatoka wapi? Milimani hutazamiwa kahawa, na ufukweni samaki na muhogo. Kahawa huchumwa kuanzia katikati ya mwaka, na malipo yake huja baada ya mnada. Nayo tarehe ya kufungua masomo haiungojei mnada. Kwa hiyo mbuzi huuzwa, au deni huchukuliwa kwa mwenye duka, na mwenye duka anajua sana kwamba mzazi aliyeshika karatasi yenye mhuri hana nguvu ya kubishana bei. Mwaka 2022 serikali ilifuta ada ya kidato cha tano na cha sita, jambo lililostahili shukrani. Lakini ada iliyofutwa ilikuwa tarakimu moja, iliyoonekana na kila mtu na kujadiliwa bungeni. Orodha ni ada iliyokatwa vipande vidogo vidogo, na vipande havijadiliwi popote.

Katika vitu vyote hivyo, godoro ndilo linalovunja ushindani wote wa hoja. Mbinga hakuna kiwanda cha magodoro. Godoro huletwa dukani kutoka miji mikubwa, mzazi hulinunua pamoja na gharama ya kuletwa kwake, kisha hufungwa kamba juu ya basi na kurudishwa katika miji ile ile, likitozwa nauli mara ya pili na kunyeshewa njiani. Hakuna chuo kimwambiacho mwanafunzi aje na kitanda. Kitanda kimekubaliwa kuwa ni mali ya chuo. Kwa sheria gani basi chuma ni cha chuo na sifongo iliyo juu yake ni ya baba wa Tingi? Marekani, ambako watu wengi wana uwezo wa kununua magodoro kumi, chuo kwa kawaida humpa mwanafunzi kitanda na godoro lake, la inchi 38 kwa 80, na mwanafunzi huleta shuka tu. Tajiri anatandikiwa na maskini anaambiwa aje na kitandiko chake.

Husemwa kwamba vyuo ni maskini. Ni kweli. Lakini umaskini wa chuo hautoweki kwa kugawanywa katika nyumba mia tano; hujificha tu. Chuo kikinunua magodoro kwa jumla hununua kwa bei ya jumla, na godoro moja hulaza zaidi ya mtu mmoja kabla ya kuchakaa. Mzazi hununua moja moja, kwa bei ya rejareja, kila mwaka kundi jipya. Husemwa pia kwamba tranka ni lazima kwa sababu ya wezi. Na hilo ni kweli, maadamu chumba hakina kabati lenye kufuli. Kabati likijengwa ukutani mara moja, mwizi amezuiwa kwa miaka mingi na bati halibebwi tena.

Sasa chumba chenyewe. Kichukuliwe chumba cha futi 10 kwa 10, chenye vitanda viwili vya ghorofa na wanafunzi wanne. Eneo lake ni futi za mraba 100. Kila kitanda, futi mbili na nusu kwa sita, hula 15. Viwili hula 30. Meza mbili za futi mbili kwa nne hula 16. Mlango ukifunguliwa hutaka kama 7. Zinabaki 47 kwa watu wanne, yaani pungufu ya 12 kwa kila mmoja, nafasi ndogo kuliko godoro lake mwenyewe. Matranka manne huenda yakaingia chini ya vitanda, kama uvungu unaruhusu. Lakini ndoo nane, mabeseni manne, pasi nne na mafagio manne yataingia wapi? Nani anahitaji mafagio manne katika chumba ambacho sakafu yake haionekani? Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakufikiri kwamba mvungu ungeshiba hata ainamaye asione kitu.

Nayo hesabu hiyo ni ya chumba chenye watu wanne wa haki. Vyuoni limezaliwa neno «kubebana», maana yake aliyepata kitanda kumpokea aliyekosa, wakalala wawili juu ya futi mbili na nusu. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizinduliwa mabweni 20 ya wanafunzi 3,840, yaani 192 kwa kila jengo, na hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Lakini nafuu ya vitanda haikuwa nafuu ya mizigo. Siku hizi kuna adui mwingine, picha za simuni za vyumba vilivyopambwa, zenye zulia, pazia la kung'aa, taa za rangi na friji ndogo. Binti aliyeona picha hizo huona haya kwa kanga zake mbili, ambazo kwa kweli zingemfaa kwa shuka, pazia, taulo na mfuko wa nguo chafu.

Na huyo anayeoneshwa haya ametoka kwa watu wanaojua mahali padogo. Wamatengo, katika kilimo cha ngolo, hulaza nyasi kwa mistari inayokatana juu ya mteremko mkali, huzifukia kwa udongo, na katikati ya kila mraba huacha shimo la kushika maji. Hakuna hatua ya ardhi iliyopotea. Mtoto wa shamba hilo akiachwa ajipangie, angetia mashuka ndani ya ndoo, na bati la usipa wakavu katikati ya nguo, akapanda basi na mizigo miwili. Wenzake watatu wangekubaliana kwa barua nani alete pasi na nani alete ufagio, kama chuo kingewajulisha mapema majina yao na vipimo vya chumba. Fomu huuliza dini, simu ya mlezi na ugonjwa wa utotoni, lakini haisemi chumba kina futi ngapi.

Kwa kuwa haisemi, chumba hujaa, na kikijaa lazima kitu kitoke. Ndoo haitoki, kwa kuwa hukaguliwa langoni siku ya kuripoti. Jembe halitoki, kwa sababu hiyo hiyo. Kinachotoka ni kile ambacho hakuna mlinzi anayekiuliza: kamusi nene, diwani, riwaya mbili alizopewa na mwalimu wake. Konda alikwisha kumwambia kwamba tranka limejaa na mzigo wa tatu una nauli yake, na fedha ya nauli hiyo imekwenda kwenye godoro. Vitabu hivyo viko Tingi, vimefungwa ndani ya mfuko wa rambo, juu ya gunia la mahindi.