Usimsalimie Mmalay kwa jina la baba yake

Barua pepe inatoka Kariakoo, Eastleigh au Kikuubo, inakwenda Malaysia kuulizia bei ya mafuta ya mawese. Aliyeiandika ni mtu wa adabu. Kwenye kadi ya muuzaji ameona jina Faizal bin Abdullah, akakumbuka alivyofundishwa shuleni kuandika barua ya Kiingereza: "Mr", halafu jina la mwisho. Basi anamsalimia Mister Abdullah. Barua inafika, inasomwa na inajibiwa kwa upole. Lakini Abdullah siye aliyeandikiwa. Abdullah ni baba yake, na huenda hajawahi kuuza hata debe moja la mafuta maishani mwake.

Kosa hili lingeeleweka kama lingefanywa na Mzungu. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili ni la kushangaza, maana lugha yake mwenyewe inamfundisha vinginevyo. Sokoni watu huitana Bwana Juma, Bi Asha, Mzee Hamisi. Heshima inatangulia, jina la mtu mwenyewe linafuata. Ukifika Unguja ukamtafuta Juma Ali kwa kuuliza "Bwana Ali yuko wapi?", utaletewa mzee wake. Wamalay wanafanya hivyohivyo, hata neno "binti" wanalitumia kama lilivyotumika pwani tangu zamani. Anayeharibu mambo ni yule Mister wa barua za ofisini.

Wamalay walio wengi hawana jina la ukoo. Mtu ana jina lake, kisha bin au binti, kisha jina la baba. Siasa za nchi yao zinaonyesha jambo hili vizuri. Najib Razak alikuwa waziri mkuu kuanzia 2009 hadi 2018. Razak ni baba yake, Abdul Razak Hussein, aliyekuwa waziri mkuu naye mpaka alipofariki mwaka 1976. Anayemwita Najib "Bwana Razak" anamsalimia marehemu. Chukua pia Wan Azizah Wan Ismail, aliyekuwa naibu waziri mkuu kati ya 2018 na 2020. Mumewe ni Anwar Ibrahim, lakini yeye amebaki na jina la baba yake, kwa kuwa mwanamke wa Kimalay habadili jina anapoolewa. Kumwita "Mrs Ibrahim" ni kumfanya mke wa baba mkwe wake. Pwani ya Afrika Mashariki hakuna haja ya kueleza uzito wa kosa hilo.

Kwa hiyo mwanamume aitwe Encik Faizal. Encik ndiyo Bwana yao. Mwanamke aliyeolewa ni Puan, na asiyeolewa ni Cik. Usipojua hali yake, Puan haitamuudhi mtu mzima ofisini. Aliyekwenda Makka huitwa Tuan Haji, na mwanamke Puan Hajah, na wengi wanapenda litajwe. Ukiona "Mohd" mwanzoni, huo ni ufupisho wa Muhammad, jina walilonalo wengi mno kiasi kwamba halimtofautishi mtu na mwenzake. Mohd Faizal ataitwa Faizal.

Vyeo vya heshima vinahitaji uangalifu zaidi. Malaysia ina majimbo tisa yenye watawala wa kurithi, na watawala hao hupokezana ufalme wa nchi nzima kila miaka mitano. Mfalme hutunuku vyeo, watawala wa majimbo nao hutunuku vyao. Tun ndicho cha juu, chini yake Tan Sri, kisha Datuk, ambacho majimboni huandikwa Dato'. Wakurugenzi wa makampuni makubwa wanavyo vingi. Mwenye cheo haitwi tena Encik. Ni Dato' Faizal, basi, na mkewe ni Datin. Cheo kinaandikwa kama kilivyo kwenye kadi, hata ile alama ndogo ya mwisho isiachwe. Anayedhani huu ni ubatili wa wakubwa afikirie kwanza jinsi madaktari, mainjinia na waheshimiwa wa huku wanavyonuna vyeo vyao vikisahaulika.

Wapo watakaosema biashara ni bei na mzigo, mengine ni mapambo, na kwamba muuzaji humsamehe mgeni. Ni kweli atamsamehe. Tena hatamsahihisha, kwa sababu kumwaibisha mgeni si tabia yao. Hapo ndipo penye hasara: mtu anaweza kukosea miaka mitano bila kuambiwa, akabaki akijiuliza kwa nini mwenzake anapewa muda wa kulipa na yeye anadaiwa fedha taslimu.

Na hata kama adabu ingekuwa bure, fedha si bure. Faizal bin Abdullah na Abdullah bin Faizal ni watu wawili, kama Juma Ali asivyo Ali Juma. Asiyejua "bin" inafanya kazi gani huliona jina refu lenye maneno yaleyale, akadhani ni mtu yuleyule, akatuma malipo. Kisha benki inayarudisha baada ya wiki kwa kuwa jina halilingani na akaunti, meli imeshaondoka na bei imepanda. Hiyo ni bahati njema. Bahati mbaya ni pale fedha zinapopokelewa na mtu asiyehusika na mzigo wowote.

Pasipoti ya Malaysia ina sehemu moja tu ya jina, haitenganishi la kwanza na la ukoo. Fomu za benki na za forodha za huku zinataka kutenganisha, na karani akikosa cha kujaza hukatakata jina la watu apendavyo. Jina linakiliwe lote, pamoja na bin yake, kama lilivyo kwenye ankara. Kampuni binafsi ya Malaysia huishia na herufi Sdn. Bhd.; ankara ikiwa na jina la kampuni halafu akaunti ikawa na jina la mtu, simama kwanza uulize. Wafanyabiashara wa Kigali na Bujumbura wanaijua adha ya fomu hizi kuliko wote, maana kwao ndugu wa baba na mama mmoja wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa, na bado afisa wa mpakani anadai jina la ukoo.

Si kila Mmalaysia ni Mmalay. Wenye asili ya China hutanguliza jina la ukoo: Lim Guan Eng, aliyekuwa waziri wa fedha, ni Bwana Lim, na baba yake Lim Kit Siang ni Bwana Lim vilevile. Wenye asili ya India mara nyingi huweka a/l au a/p katikati, yaani mwana wa kiume au wa kike wa fulani, na wao huitwa kwa jina la mwanzo. Anayenunua mawese Indonesia atumie Bapak, au Pak kwa kifupi, kwa mwanamume na Ibu kwa mwanamke. Na asishangae kukuta mtu mwenye jina moja tu, kama Suharto aliyekuwa rais.

Wamalay wachache wanalo jina la ukoo, na baadhi yao si wageni huku. Nasaba ya Jamalullail inayotawala jimbo la Perlis inatokana na masharifu wa Hadhramaut, ukoo uleule wa Habib Swaleh, aliyeanzisha Msikiti wa Riyadha kule Lamu. Masharifu wa Malaysia huandika Syed kwa mwanamume na Sharifah kwa mwanamke. Mtu wa Lamu au Moroni akiliona jina hilo kwenye kadi anaweza kuwa na la kuzungumza kabla ya kufika kwenye bei.

Kwa asiye na uhakika, swali lipo na haligharimu kitu: "Boleh saya panggil Encik Faizal?", yaani, naruhusiwa kukuita Encik Faizal? Liulizwe kwenye ujumbe wa kwanza, kabla ya ankara. Jibu likija limetiwa sahihi "Dato' Faizal", ujue umesahihishwa, na barua inayofuata ianze hivyo.