Msiba wa Msanii Una Wenyewe: Tamko la Waigizaji na Mafundi wa Filamu

Sisi waigizaji, waongozaji, wapiga picha, wahariri na wapambaji tuliojiunga katika chama cha watu wa filamu hapa Dar es Salaam, tunatoa tamko hili kwa umma, kwa vyombo vya habari, kwa Jeshi la Polisi, kwa wahudumu wa hospitali na kwa wasanii wenzetu. Linahusu namna tunavyopokea habari ya kifo cha ghafla cha mtu maarufu, na yale tunayowatendea waliobaki katika siku tatu nne za mwanzo.

Tamko hili halimlengi mtu mmoja. Tumeshazika wenzetu wengi, na mara nyingi mno tumeona ndugu wa marehemu wakirudi kutoka makaburini na machungu mawili: ya kufiwa, na ya kutendwa na watu waliokuwa wakitangaza kwa sauti kubwa kuwa walimpenda marehemu. Tumeona tukinyamaza zaidi tutakuwa tumeshiriki.

Tuanze na Kanumba, maana msiba wake ndio uliotufunza mengi, mazuri na mabaya.

Mwigizaji Steven Kanumba alifariki nyumbani kwake Sinza usiku wa kuamkia Aprili 7, 2012. Alikuwa na miaka 28. Ilikuwa Pasaka, Ijumaa Kuu ilikuwa imetoka kupita na watu wengi walikuwa majumbani. Habari ilitembea kwa simu usiku ule ule, na kulipokucha Sinza ilikuwa imefurika. Jumanne ya Aprili 10 aliagwa katika viwanja vya Leaders na kuzikwa makaburi ya Kinondoni. Maelfu walijitokeza, viongozi wa kitaifa wakiwamo. Watu walizimia wakabebwa mikononi. Hatukuwa tumewahi kuona mwigizaji akizikwa na umma wa namna ile.

Tunataka ieleweke kwamba machozi yale yalikuwa ya kweli. Walikuwapo waliobeza wakati ule, wakauliza inakuwaje mtu amlilie mtu asiyemjua. Swali hilo linatuumiza, kwa sababu walimjua. Kijana huyu wa Shinyanga aliingia sebuleni mwao tangu enzi za Kaole Sanaa Group, tamthilia zilipokuwa zikikusanya nyumba nzima na nusu ya majirani mbele ya televisheni moja. Baadaye filamu zake zikaingia kwenye mabanda ya video na mabasi ya mikoani, zikavuka mpaka hadi Burundi, Rwanda na Kongo, kwa watu waliokuwa wakisikia Kiswahili chake na kucheka pale pale anapocheka. Alicheza na waigizaji wa Nigeria wakati wengi wetu tulikuwa tunaona jambo hilo haliwezekani. Mtu wa hivyo akiondoka usiku mmoja, bila kuugua, bila kuaga, anayemlilia hana la kuomba radhi.

Kwa hiyo hatumkatazi mtu kulia. Tunachokitetea ni utaratibu wa msiba, ambao kila mmoja wetu amelelewa nao, awe wa bara au wa pwani. Ukifika msibani unavua viatu, unaonyeshwa pa kukaa, unatoa pole, unaandika jina na mchango wako kwenye daftari la rambirambi. Huingii alikolazwa maiti mpaka uitwe. Humuulizi mama mzazi amekufaje. Ukiona mikono imepungua jikoni unakunja nguo unakoka moto. Wenye msiba ndio wanaoamua maiti aoshwe na nani, azikwe wapi na saa ngapi. Jirani, hata uchungu umchome kiasi gani, hawapokonyi uamuzi huo.

Msanii akifa, yote hayo huvunjika ndani ya saa moja. Mama amekaa mkekani, amejifunika khanga, hajala tangu alfajiri, na mbele ya uso wake kuna vipaza sauti saba. Kijana wa watu amepanda juu ya kiti cha plastiki ili simu yake ipate picha safi, na anamgusa bega mfiwa anayesali amwambie asogee kidogo, anazuia mwanga. Haya tumeyaona kwa macho yetu, tukiwa tumekaa kwenye kamati za mazishi. Aliyefanya hivyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa shabiki, na pengine usiku alilia pia. Alisahau tu kwamba amefika nyumbani kwa watu.

Ipo hali mbaya zaidi ya hiyo. Novemba 26, 2012, miezi michache tu baada ya Kanumba, mchekeshaji Hussein Mkiety, Sharo Milionea, alifariki kwa ajali ya gari Muheza, mkoani Tanga, akielekea kwao. Waliowahi kufika pale, badala ya kumsitiri, wapo walioiba vitu vyake. Taifa lilishtuka na kulaani, na ilistahili. Lakini tunaomba tujiulize anayesimama juu ya maiti pale pale barabarani, akampiga picha na kuirusha kabla ndugu hawajapata taarifa, ameacha nini ambacho hajakichukua. Mke anajua kwamba mumewe amekufa kwa kuona uso wake uliochanika kwenye kundi la simu la akina mama wa kikoba. Mtoto wa darasa la nne anaonyeshwa na wenzake. Picha hiyo haifutiki, na miaka kumi baadaye bado inarudi.

Nchi nyingine zimelitungia sheria jambo hili. Mcheza kikapu Kobe Bryant alipofariki kwa ajali ya helikopta karibu na Los Angeles, Januari 26, 2020, pamoja na binti yake wa miaka 13 na watu wengine 7, baadhi ya waliotumwa eneo la ajali kikazi walipiga picha za miili na kuonyeshana. Mjane wake alikwenda mahakamani, na Agosti 2022 baraza la wazee wa mahakama lilimpa fidia ya dola milioni 16. Kabla ya hapo jimbo la California lilikuwa limeshapitisha sheria inayofanya kuwa kosa kwa mtoa huduma ya dharura kupiga picha ya maiti kwa sababu isiyo ya kikazi. Tunaliomba Bunge letu lilitazame hilo. Askari, mhudumu wa gari la wagonjwa na mhudumu wa chumba cha maiti wanafika kwenye mwili wa marehemu kabla ya mama yake. Nafasi hiyo ni dhamana, na dhamana inahitaji ulinzi wa sheria.

Kuhusu uvumi, tutasema machache kwa sababu kila mtu anaujua. Kanumba hajazikwa, tayari ilikuwa inatembea hadithi ya Freemason, na filamu yake ya Devil Kingdom ikageuzwa ushahidi. Mwanamuziki Albert Mangweha alipofariki Johannesburg Mei 28, 2013, ilichukua siku kadhaa mwili kurudi ukazikwe Morogoro, na kila siku ilizaliwa sababu mpya ya kifo. Mchekeshaji Mzee Majuto alizushiwa kifo zaidi ya mara moja akiwa hai, hata siku alipofariki kweli, Agosti 8, 2018, kuna waliodhani ni uzushi ule ule umerudi. Tufikirie nyumba inayopokea simu za pole wakati mgonjwa wao anakunywa uji.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kuchapisha taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Hatushangilii watu kufungwa, na tunaona adhabu hiyo ni pana kiasi cha kuweza kumfunga mdomo hata mwandishi anayeuliza maswali halali kuhusu kifo chenye utata. Maswali hayo lazima yaulizwe. Yaulizwe polisi, yaulizwe kwa daktari aliyeruhusiwa kuzungumza, yangoje uchunguzi wa mwili. Kinachotukera ni mtu aliye mbali na tukio, asiye na taarifa yoyote, kutangaza kwamba ndugu fulani amehusika.

Na hapa ndipo tunapotaka kukaa zaidi.

Aliyekuwa na Kanumba usiku ule ni Elizabeth Michael, Lulu, ambaye umma ulimjua tangu akiwa mtoto akiigiza. Alikuwa binti mdogo kiasi kwamba umri wenyewe uligeuka hoja mahakamani, upande wa utetezi ukisema hajafikisha miaka 18. Alikamatwa na kushtakiwa kwa mauaji. Baadaye shtaka likabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, na Januari 2013 akapata dhamana. Novemba 13, 2017, Mahakama Kuu ilimtia hatiani na kumhukumu kifungo cha miaka 2. Mei 2018 alitolewa akamalizie adhabu yake kwa kuitumikia jamii.

Hayo ni ya mahakama, na mahakama ilishamaliza. Hatufungui kesi upya, na hatumsemei mtu yeyote wa upande wowote. Tunasema tu kwamba mahakama, yenye majalada, mashahidi na madaktari, ilihitaji zaidi ya miaka 5 kufikia neno, na neno lenyewe halikuwa lile la mauaji. Mtaa ulihitaji asubuhi moja. Kabla mwili haujatoka Muhimbili, binti yule alikuwa ameshatukanwa kwa majina ambayo hatutayarudia hapa, ameshaombewa kifo, na waliothubutu kusema tusubiri walionekana wasaliti wa marehemu. Kati ya waliomtukana walikuwamo wasanii wenzake. Kati yao walikuwamo wanachama wetu.

Tumeliona hilo likijirudia tangu hapo. Mtu maarufu akifa ghafla, macho yote humgeukia aliyekuwa karibu naye mwisho. Akiwa mwanamke, hukumu huja mapema zaidi na kwa ukali zaidi: mke alimnyima raha, mchumba alifuata mali, mzazi mwenza alimroga. Mjane anakaa eda au anakaa matanga huku akijibu tuhuma. Watoto wanasikia. Marehemu naye, ambaye tunadai kumtetea, anafanywa mtu asiyekuwa na akili ya kuchagua aliowapenda.

Upo pia ukaguzi wa machozi. Msanii hajaweka picha ya marehemu kwenye ukurasa wake kufikia adhuhuri, anaulizwa mbona kimya, walikuwa na bifu? Akiweka, anaambiwa anatafuta kiki. Akija msibani amevaa miwani myeusi, anaficha macho makavu. Akilia kwa sauti, anaigiza kwa kuwa ndiyo kazi yake. Tunaomba umma utuachie hili. Wapo kati yetu waliofanya kazi na marehemu kwa miaka, wakagawana chumba na nauli, na siku ya kifo wakashindwa hata kushika simu. Uchungu wa mtu hauna ratiba, na hauna shahidi isipokuwa yeye mwenyewe na Mungu wake.

Kuna jambo la mwisho ambalo halisemwi sana, nalo ni fedha. Juma moja baada ya mazishi, fulana zenye sura ya marehemu zinauzwa kila kituo cha daladala, na kazi zake zinadurufiwa usiku na mchana. Mnunuzi anatoa fedha yake kwa nia njema, akiamini anamuenzi, na hakuna hata shilingi inayofika kwa mama wa marehemu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda haki za kiuchumi za mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Warithi wana haki hiyo leo, si fadhila. Hata hivyo lazima tuseme ukweli wa ndani ya fani yetu: wengi wetu tumeuza filamu kwa jumla, haki zote, kwa malipo ya mara moja, mara nyingine bila karatasi ya maana. Msanii wa namna hiyo akifa, nchi nzima inaangalia kazi yake na watoto wake wanatafuta ada. Rambirambi za siku tatu haziwezi kuziba pengo hilo.

Kwa hayo, tunavitaka vyombo vya habari visitangaze jina la aliyefariki kabla familia yake haijathibitisha, visichapishe picha ya maiti kwa kisingizio chochote, na visimhoji mfiwa aliye mkekani. Kila msiba una msemaji wa familia, na huyo ndiye wa kuulizwa. Tunaziomba hospitali zipige marufuku simu za kamera ndani ya vyumba vya maiti, kwa watumishi na kwa wageni. Tunaliomba Jeshi la Polisi liwalinde wanaotuhumiwa mtaani kwa uzito ule ule linaowalinda waombolezaji, na litoe taarifa mapema, hata kama taarifa yenyewe ni kwamba uchunguzi unaendelea, kwa sababu uvumi hujaza mahali palipoachwa wazi.

Mashabiki wetu tunawaomba waje. Waje Leaders, waje Kinondoni, waje mpaka kijijini kama marehemu anazikwa kwao. Wapange foleni, waimbe, walie. Anayetaka kumuenzi kwa fedha aulize kwanza familia ilipo akaunti ya rambirambi. Picha ya maiti ikimfikia mkononi, aifute na amwambie aliyemtumia kwamba ameifuta.

Sisi wenyewe tumeazimia yafuatayo katika mkutano wetu, na yanaanza kutumika mara moja. Mwanachama atakayepiga au kusambaza picha ya mwili wa marehemu, au atakayemtuhumu mtu hadharani kuhusika na kifo kabla vyombo vya sheria havijasema, atasimamishwa uanachama. Katika kila msiba wa mwenzetu, chama kitatoa watu wawili wa kukaa na msemaji wa familia tangu siku ya kwanza hadi matanga yaanuliwe: mmoja wa kushughulika na waandishi getini, mwingine wa kukusanya mikataba ya marehemu na kuikabidhi kwa warithi pamoja na mwanasheria. Wanachama wote wanatakiwa kuleta nakala za mikataba yao na jina la mrithi katika ofisi ya katibu, wakiwa hai na wenye afya, ili siku hiyo ikifika pasiwe na wa kubahatisha.

Tamko hili limetolewa Dar es Salaam kwa niaba ya wanachama wote.