Saa za Tiketi na Saa za Safari



Wasomaji wetu wapenzi, akina mama na mabinti zetu, hapa Machakos twaulizwa mara kwa mara na jamaa wanaomsafirisha mama yao kwenda Marekani kumwuguza binti aliyejifungua: kutoka Nairobi hadi New York ni mwendo wa saa ngapi? Wengi huwa wameshaitazama tiketi na kujijibu wenyewe: saa saba. Jawabu hilo si sahihi, na atakayetaabika nalo ni yule mzee.

Umbali baina ya uwanja wa Jomo Kenyatta na ule wa John F. Kennedy ni takriban kilomita 11,800. Tangu Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza kwenda huko bila kutua njiani, mwendo ni kama saa 15 kwenda na saa 14 kurudi, kwani pepo za juu zivumazo kutoka magharibi huikabili ndege ikienda na huisukuma ikirudi.

Tuchukue mfano wa mwezi wa Desemba. Tiketi yasema: kuondoka Ijumaa 23:30, kufika Jumamosi 06:30. Kila saa imeandikwa kwa majira ya mahali pake, na New York wakati huo iko nyuma yetu kwa saa 8. Mama atuapo kule alfajiri, kwetu ni saa nane na nusu mchana. Saba za tiketi zimekuwa 15.

Yatupasa basi kuangalia mambo matatu.

La kwanza ni siku. Sisi twahesabu usiku kabla ya mchana wake; kwa wazee wetu, saa tano na nusu usiku ya Ijumaa ni usiku wa Jumamosi. Mama akitamka hivyo na kijana akafahamu Jumamosi jioni, watafika uwanjani ndege imeondoka jana. Tajeni tarehe, na mtoke Machakos tangu alasiri. Njia haizidi kilomita 60, lakini malori ya Mlolongo hayamsubirishi msafiri kidogo.

La pili ni dawa. Anayemeza kidonge kila baada ya saa 12 hana budi kumeza kimoja angani, ijapokuwa tiketi yaonyesha usiku mmoja tu. Mwenye kisukari, hasa wa sindano za insulini, aandikiwe ratiba na daktari kabla ya safari. Dawa ziwe mkobani mwake, si ndani ya sanduku. Naye ainuke mara kwa mara anyooshe miguu, damu isije ikaganda.

La tatu ni sala. Ndege hiyo huenda sambamba na usiku: jua lililotua Nairobi magharibi laweza lisionekane tena kwa saa 20. Atakayeamshwa na kengele ya simu yenye majira ya Nairobi atasali Alfajiri usiku ungali mkubwa. Wakati wa sala hufuata mbingu ya pale alipo msafiri. Atazame dirishani, na awaulize wahudumu.

Kumkatia mama tiketi ni ihsani. Kuketi naye jioni moja, kalamu mkononi, mkazihesabu saa zote 15, ale lini, ameze dawa lini, asali lini, ni katika ukamilifu wa ihsani hiyo.

Wabillahi tawfiq.