Msiba Wako Si Lazima Uwe Insha

Wanafunzi wa kidato cha sita hapa Uganda wanaotamani kusoma Marekani huniletea swali lile lile: niandike kuhusu nini? Fomu ya Common Application, itumiwayo na vyuo zaidi ya 1,000, hudai insha isiyopungua maneno 250 wala kuzidi 650. Wengi hukimbilia msiba: kifo cha baba, karo iliyokosekana, njaa. Wameambiwa kwamba msomaji wa mbali akitokwa na machozi, mlango utafunguka.

Ushauri huo naukataa. Sisemi mfiche majonzi yenu. Yatima akitaka kuandika uyatima wake, na aandike. Lakini msiba mtupu hueleza yaliyokupata tu, hauelezi unavyofikiri. Tena msiba una wenyewe. Ugonjwa wa mama ni siri ya mama kabla haujawa aya yako. Mwombe ruhusa, naye akisita, tafuta mada nyingine.

Tafuta jambo ulilowahi kulibishania. Fomu hiyo ina swali linalomtaka mwombaji asimulie wakati alipohoji imani au wazo fulani, nami nalipenda kuliko mengine. Ninyi mnaojifunza Kiswahili mna jibu mkononi. Ni wangapi kati yenu waliokwisha kuulizwa nyumbani kwa nini wanajifunza lugha ya askari? Dhana hiyo haikuzuka bure. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi la wakoloni, kikabaki kambini baada ya uhuru, na katika enzi ya Idi Amin raia wengi walikisikia kinywani mwa mwenye bunduki. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, lakini bibi yako hakuogopa kwa sababu ya katiba, wala katiba haitamwondolea hofu.

Andika basi jinsi ulivyoketi naye, ukamsikiliza, ukatambua kwamba hofu yake ina sababu, na hata hivyo ukaendelea kujifunza. Afisa wa udahili asomapo hayo hakuonei huruma. Anataka kujua ulimjibu nini. (Usidai kwamba ulimgeuza mawazo. Mabibi hawageuki ndani ya maneno 650.)

Mtaniambia kwamba mada hiyo ni ndogo mno kwa chuo kikubwa. Mimi naona udogo huo ndio unaoifaa insha fupi. Anayeanza na matatizo ya Afrika nzima atamaliza nusu ya maneno yake kabla hajafika uani kwao. Wewe anza na swali la bibi kama alivyolitamka, kwa Kiganda, Kiacholi au Kinyankole, kisha mfasirie msomaji.