Ushauri wa chuo ukiwa bure, uliza nani analipa

Leo tuweke kando lugha za programu na simu mpya. Kuna jambo linarudi kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka. Mtoto ana alama zake mkononi, hajui aombe kozi gani, na kila upande kuna mtu wa kumshauri. Hapa Mishomoroni saiba zinabandika karatasi za "KUCCPS hapa", na kwenye simu kuna makundi ya WhatsApp, Telegram na Facebook yenye maelfu ya watu. Mimi najiuliza swali moja tu: huyu mshauri mkate wake unatoka wapi? Naona jibu la swali hilo ndilo linaloamua hata sauti atakayomsemesha mtoto.

Kwa wasiojua utaratibu, KUCCPS iliundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, ikachukua kazi iliyokuwa ikifanywa na JAB. Mwanafunzi anaingia kwenye tovuti yao, analipa ada (miaka ya karibuni imekuwa shilingi 1,500), kisha anachagua kozi. Digrii inataka C+, diploma inataka C-, na kozi za ufundi zinashuka mpaka mwenye E. Maana yake, aliyekalia mtihani hakosi pa kuanzia. Maneno haya machache yangesemwa mapema, hofu nyingi ingepungua.

Lakini hofu ina soko. Ukifuatilia makundi haya utasikia sauti mbili. Ya kwanza ni ya kejeli. Mtoto anauliza, "Nina C+, naweza kupata nini TUM au Pwani?" Anajibiwa, "Na hiyo C+ unataka chuo?" Watu wanacheka, kundi linachangamka, wengine wanaingia kutazama. Mwenye kundi anauza matangazo, kwa hivyo zogo ni faida kwake. Halafu anatokea mtu na namba ya M-Pesa: tuma mia tano nikupigie hesabu za klasta.

Sauti ya pili ni tamu kama halua. "Usijali mdogo wangu, kuna chuo kinakuchukua hivi hivi, njoo inbox." Huyu hamtozi mtoto hata senti. Mara nyingi ni wakala, na wakala hulipwa na chuo kwa kila kichwa anachopeleka, kiwe chuo cha hapa au cha ng'ambo. Sisemi mawakala wote ni waongo. Nasema hatamwambia mtoto kwamba kozi hiyo hiyo ipo karibu na kwao kwa karo ndogo, kwa sababu akisema hivyo, hana kamisheni siku hiyo. Wazee walisema rahisi ghali.

Sasa hiyo hesabu inayouzwa ni ipi? Waandishi wa programu mtacheka. Chukua pointi za masomo manne ya klasta, gawanya kwa 48. Chukua jumla ya pointi za masomo saba, gawanya kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Mwenye pointi 32 za klasta na jumla ya 50 anapata kama 30.2. Ni mstari mmoja wa kodi. Tena hayo ni makadirio tu. Pointi zinazohesabika KUCCPS wenyewe wanamwonyesha mwanafunzi akishaingia kwenye akaunti yake, pamoja na alama za mwisho zilizochukuliwa na kila kozi miaka iliyopita. Mtoto anauziwa kitu ambacho ni chake tayari.

Na kuna hatari kubwa kuliko hiyo mia tano. Ili "asaidiwe", mtoto anaombwa namba yake ya mtihani na namba ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE. Namba hizo ndizo zimekuwa zikitumika kuingilia akaunti mara ya kwanza. Ukimpa mtu usiyemjua, umempa ufunguo wa nyumba. Anaweza kukubadilishia kozi, nawe ukagundua siku ya majibu. Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, lakini sheria haiwezi kukuzuia kutuma namba zako mwenyewe.

Najua kuna atakayesema, "Kwani mshauri asile?" Ale! Mwenye saiba analipa kodi ya chumba, stima na intaneti. Akibandika bei ukutani, akatoza kazi ya kujaza fomu mbele ya macho yako, hiyo ni haki yake. Na tazama, yeye yuko huru kuliko yule wa bure: ukichagua ualimu au umeme, pesa yake ni ile ile. Tatizo linaanza pale malipo ya mshauri yanapofuata uamuzi wa mtoto.

Pendekezo langu ni dogo. Sisi tunaojua kompyuta mitaani kwetu, Mishomoroni, Likoni na Changamwe, tutengeneze ukurasa wa kupiga hesabu ya klasta unaofanya kazi ndani ya simu yenyewe, usiotuma wala kuhifadhi alama za mtu, na kodi yake iwe wazi kwa kila mtu. Gharama ya jina la tovuti na mahali pa kuiweka inaweza kuchangwa na watu wachache waliomaliza shule kabla ya hawa, kama tunavyochangia karo na harusi. Hesabu ya michango ibandikwe palepale. Matangazo ya vyuo yasiingie. Na anayejibu maswali aanze kwa kusema kama kuna chuo kinachomlipa.

Wazazi nanyi, kabla mtoto hajatuma chochote, mwambieni aulize maswali mawili: unalipwa na nani, na je, nikichagua kozi nyingine utalipwa vilevile? Akikasirishwa na maswali hayo, mtafuteni mshauri mwingine.

Aliye tayari kusaidia kuandika huo ukurasa aniambie, tuanze kabla matokeo mengine hayajatoka.