Hewa ya kupokezana

HUENDA msomaji wetu akashangaa ni kwa nini ukurasa huu wa jamii, ambao kawaida yake ni karo, sare za shule na ugomvi wa mke na mume, leo umekimbilia hospitali. Subira, ndugu yangu. Nina deni la aibu ambalo sina budi kulilipa hapa hapa.

Dada yangu alisafiri kwenda mazishi mashambani, akaniachia kijana wake wa miaka tisa. Aliniachia pia begi la nguo, daftari la hesabu na inhela, kwa kuwa kijana ana pumu tangu akiwa mdogo. Inhela ile ilikaa juu ya kabati siku nne nzima. Hakuna aliyejisumbua kuijaribu kuona kama ina kitu. Tuliijaribu Jumamosi saa sita u nusu usiku, kijana akiwa ameketi kitandani ameshika magoti, mabega yakipanda na kushuka, nasi tukagundua kwamba haikuwa na kitu.

Wenye watoto wa pumu hawahitaji kusimuliwa. Kwa wengine nitasema hivi: kikohozi na mlio wa filimbi kifuani si ndio wa kuogopesha zaidi. Cha kuogopesha ni mtoto anapokosa pumzi ya kumaliza sentensi. Nilimwuliza kama anataka maji. Alisema “Mjomba”, akavuta hewa, akasema “maji”, akavuta hewa tena, na neno la tatu halikuja. Ngozi katikati ya mbavu ilikuwa ikididimia ndani kila avutapo pumzi. Nilimgongea jirani mwenye gari dogo la kuuzia mboga, mzee mmoja ambaye tangu nihamie mtaa ule sijapata kumpa zaidi ya salamu. Alitoka amevaa shuka na koti, asiulize hata swali moja.

Hospitali tuliyoiendea ni ya umma. Sitaitaja jina, kwa maana niliyoyaona hapo waweza kuyaona katika nyingi nyinginezo. Mlango wa kitengo cha dharura ulikuwa wazi, na bawabu alitupokea vizuri kabisa. Taabu ilianzia dirishani. Karani alisema tarakilishi imekwama, hivyo kadi zinaandikwa kwa mkono, na kalamu ilikuwa moja. Nyuma yangu, na pia mbele yangu, palikuwa na mabenchi matatu yaliyojaa watu: mwendesha bodaboda aliyefungwa fulana mguuni, mzee aliyeshika tumbo, msichana wa chuo aliyelala mapajani mwa mwenzake, na mama mmoja aliyekaa mwisho kabisa wa benchi, amemfunika mtoto mchanga kwa leso. Mtoto yule alikuwa kimya. Namkumbuka kwa sababu nilijiambia moyoni, afadhali huyu, wake amelala.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo waandishi wa habari hulifanya na kisha hawaliandiki. Nilichomoa kadi yangu ya kazi, nikaiweka juu ya kizingiti cha dirisha, nikakohoa kidogo. Karani aliisoma, akainuka na kutufungulia mlango wa ndani mwenyewe. Macho ya benchi zima yalitufuata mgongoni.

Ndani palikuwa na vitanda sita, wagonjwa tisa na muuguzi mmoja. Mwenzake alikuwa ameondoka na ambulensi kumsindikiza majeruhi wa ajali hadi hospitali kubwa zaidi. Daktari wa zamu alikuwa chumba cha upasuaji, na afisa wa kliniki alikuwa akimshona mtu kichwa. Muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya mpira, alimtazama kijana kabla ya kunitazama mimi. Alimbana kidole kwa kile kifaa kidogo kinachofanana na kibanio cha nguo, kinachosoma kiasi cha oksijeni katika damu. Kilionyesha 88. Alimvuta hadi kwenye kitanda cha karibu na ukuta, palipokuwa na mtungi wa oksijeni, akampachika mpira puani.

“Baba, mashine ya mvuke ya kwanza imekufa, ya pili ina mtu,” akaniambia. “Vuka barabara ununue inhela ya salbutamol na dawa hizi hapa. Leta glavu pia. Na uje na chupa ya soda, ile ya plastiki ya nusu lita.”

Nilidhani ana kiu. Nilinunua vyote katika duka la dawa lililowaka taa ng'ambo ya barabara, duka ambalo, kwa kulitazama tu, lajua vizuri ni kitu gani kimeisha katika hospitali ile. Niliporudi alimwaga soda yote kwenye sinki, akaikausha chupa, akatoboa kitako chake kwa mkasi na kuchomeka mdomo wa inhela katika tundu lile, kisha akazungushia plasta. Mdomo wa chupa akampa kijana aubane kwa midomo. Akafyatua mara moja, akamwacha avute pumzi taratibu, akafyatua tena. Aliyarudia hayo kila baada ya dakika ishirini, na katikati ya duru moja na nyingine alimdunga sindano niliyoinunua.

Wasomaji wasije wakadhani haya ni maarifa ya mnyonge asiye na la kufanya. Mwaka 1999 jarida la madaktari la Lancet lilichapisha utafiti wa Afrika Kusini uliofanywa kwa watoto wenye pumu, ukaonyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyozibwa vizuri hufanya kazi sawasawa na kile kifaa cha kununuliwa. Dawa ikipulizwa moja kwa moja kinywani, nyingi huishia kwenye ulimi na koo. Ikipitia kwenye chupa huwa na nafasi ya kutulia na kuvutwa hadi ndani ya mapafu. Yule sista aliyajua hayo yote. Kile ambacho hakuwa nacho ni sista wa pili.

Yapata saa nane u nusu hivi, kijana aliweza kuniambia sentensi nzima, nayo ilikuwa kwamba ana njaa. Ndipo muuguzi alipopata nafasi ya kutoka nje na kulikagua benchi. Hakukawia hata dakika mbili. Alirudi kwa mwendo wa haraka na mtoto wa yule mama mikononi, mama akimfuata nyuma na leso tupu.

Kumbe yule mtoto hakuwa amelala. Alikuwa amechoka kulia. Walikuwa wamekaa pale tangu saa tatu za usiku, na mtoto alikuwa na homa ya mapafu, pua zikitanuka, kichwa kikitikisika kidogo kwa kila pumzi. Jambo hili na litiwe maanani na kila mzazi anayesoma hapa: katika chumba cha dharura, mtoto anayepiga kelele bado ana nguvu za kupiga kelele. Wa kukimbilia ni yule aliyenyamaza, aliyelegea, asiyeweza kunyonya. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu wa kuwagawa watoto mara tu wafikapo hospitali, wa dharura upande mmoja, wa kupewa kipaumbele upande mwingine, na wanaoweza kungoja wakangoja. Wauguzi wetu wengi wamefunzwa utaratibu huo. Lakini unahitaji mtu wa kusimama mlangoni na kuangalia, na mtu huyo usiku ule alikuwa amepanda ambulensi.

Kibanio cha nguo kilisoma 81. Mtungi ulikuwa mmoja, mshale wake ukikaribia pekundu, na kile kiunganishi cha kugawa hewa kwa wagonjwa wawili kilikuwa kimevunjika. Sista alimbana kijana wetu kidole tena: 94. Akanyoosha mkono kuuchomoa mpira puani mwake.

Msomaji, niliushika ule mkono.

“Sista, huyu bado,” nikasema. “Mamake yuko mbali, ameniachia mimi. Huyu bado.”

Hakukasirika. Alinitazama kama mwalimu amtazamavyo mtoto aliyekosea hesabu rahisi. “Baba, wako ana tisini na nne. Huyu ana themanini na moja. Chini ya tisini ndipo tunapohesabu hatari.” Kisha akaongeza, sauti ikiwa chini ili yule mama asisikie, “Na wako angeingia hata bila ile kadi yako. Ungeniita tu mlangoni, ningekuja, nami ningeliona benchi lote.”

Niliuachia mkono. Mpira ukasafishwa kwa pamba na kubadilishwa ncha, ukaenda kwa mtoto. Nikakaa kitandani nikiangalia kidole cha kijana kuliko nilivyowahi kuangalia kitu chochote: 94, 93, 93, 94.

Katika saa zile za kungoja mtu huwa na nafasi ya kutosha ya kufikiri. Kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinasema kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mimi mwenyewe nimekinukuu mara kadhaa katika makala. Nadhani tulipokipigia kura tulifikiria zaidi yule mgonjwa anayefukuzwa mlangoni kwa kukosa pesa, na ni kweli alikuwapo. Kugharamia huduma pamoja kulianza Desemba 1989, kukasitishwa 1990, kukarudishwa baadaye, na wakubwa wetu wanakumbuka wagonjwa walivyopungua katika hospitali na vituo vya afya vya serikali. Lakini usiku ule hakuna aliyefukuzwa. Wote tulikaribishwa ndani. Sijui sheria inamwitaje mtu aliyekaribishwa na kuwekwa benchini kwa zaidi ya saa tano.

Pesa zimetajwa mara nyingi. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja, wakaahidi kwamba asilimia 15 ya bajeti za nchi zao itakwenda kwa afya. Kenya ilikuwamo, na hatujaifikia ahadi hiyo. Mwaka 2013 hospitali nyingi ziliingia mikononi mwa kaunti, na sheria ya mwaka 2023 ikaunda hazina maalumu ya huduma za dharura na maradhi sugu. Haya ni mema yakitekelezwa. Ila ningependa siku moja waheshimiwa wanaoyapitisha wakae usiku mzima kwenye benchi lile, bila kadi.

Najua nami sina ulimi wa kuyasema hayo nikiwa na yangu mfukoni.

Kulipopambazuka, mtungi mwingine uliletwa ukisukumwa kwa kigari chenye gurudumu moja bovu, na kelele zake zikawaamsha wagonjwa wote. Mtoto wa yule mama alikuwa amefika 92, na alikuwa akilia. Sista wa pili alikuwa amerejea na anakunywa chai amesimama. Kijana wetu aliruhusiwa kutoka akiwa na vidonge vya siku tano, onyo la kurudi kliniki wiki hiyo hiyo, na chupa yake ya soda yenye plasta, ambayo alikataa katakata isitupwe.

Tulipokuwa tukipita, mama yule aliinuka akanishika mkono kwa mikono yake miwili. “Asante sana, baba Fulani,” akasema, maana hakujua jina. “Sista ameniambia ni nyinyi mlituachia hewa. Mungu awazidishie.”

Sijui kama sista alisema hivyo hasa, au mama alielewa hivyo. Nilitazama upande wa sista, naye alikuwa ameinamia kitabu chake akiandika. Nilipaswa kumwambia mama yule kwamba mimi ndiye niliyempita mlangoni, na kwamba niliushika ule mkono. Nilisema, “Tuko pamoja, mama,” nikatoka nje kutafuta matatu.

Jumatatu nilinunua inhela mbili. Moja iko kwa dada, ya pili iko kwangu, nami huitikisa na kuijaribu hewani kila Jumapili jioni. Ndani ya begi moja lililo nyuma ya mlango nimeweka kitambulisho, daftari la kliniki, sweta, chaji ya simu, noti chache na chupa tupu ya nusu lita. Dada alipoiuliza ile chupa, kijana alimweleza yote, toka mwanzo hadi mwisho, pamoja na ule mkono. Kumbe alikuwa macho.