Mwalimu Naye Aisikie Kengele

Nimefundisha shule za msingi Newala na Masasi mpaka nikastaafu, na sasa naishi Ndanda, jirani na abasia ya watawa Wabenedikti. Mjadala wa viboko ukizuka redioni, wazee wenzangu hunigeukia: "Mwalimu, bila fimbo mtoto wa siku hizi atanyooka?" Jibu langu haliwafurahishi. Mimi huuliza kwanza mwalimu alifika saa ngapi.

Kanuni za viboko tunazo tangu 1979, zikarekebishwa 2002. Visizidi vinne. Mkuu wa shule achape mwenyewe au amruhusu mwalimu kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila adhabu iandikwe daftarini. Katika shule moja ya huko juu Newala, daftari hilo halikuwa na hata mstari mmoja, ingawa fimbo haikupumzika. Watoto walichapwa kwa kuchelewa. Sasa, walichelewa wapi? Uwanda wa Makonde hauna mito. Maji yako chini mabondeni, na bomba likikauka mtoto hushuka na dumu alfajiri. Baadhi ya madumu hayo yalikuwa ya nyumba za walimu. Aliyeyaoga maji yale aliingia shuleni saa mbili na nusu, fimbo mkononi.

Hapa kwa jirani zangu nidhamu nayo si ya mchezo. Wabenedikti walijenga Ndanda mwaka 1906, baada ya misheni zao za Lukuledi na Nyangao kuharibiwa katika vita vya Maji Maji. Kengele hulia jua halijachomoza, ukimya una saa zake, na mnovisi, yaani mtawa anayeanza, humtii mlezi wake. Lakini kengele hiyohiyo humwamsha na abati, mkuu wao. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6, inamtaka abati mwenye jambo zito awaite ndugu wote, hata mdogo kabisa, kwa kuwa mara nyingi Mungu humfunulia kijana lililo bora. Inamkataza pia kumweka mwungwana mbele ya aliyetoka utumwani kwa sababu ya kuzaliwa tu. Kwa mtu wa Masasi hilo si jambo la vitabuni: misheni ya Masasi ilianza mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani, walioletwa kutoka Unguja na Askofu Steere wa Kianglikana.

Sisemi watawa wameitimiza Kanuni yao siku zote. Kwa miaka mingi kijana wa Kiafrika aliyetaka utawa wa Kibenedikti hakuketi safu moja na Wazungu. Wenzetu walianzishiwa nyumba yao kule Hanga, Songea, miaka ya 1950. Leo Ndanda imejaa Watanzania, na wamekwisha kuongozwa na abati Mtanzania. Kanuni ilikuwapo muda wote ule. Waliokawia ni wasomaji wake.

Wanaoipenda fimbo na wawatazame watawa wa Zen, tawi la Ubuddha lililostawi Uchina na Japani. Hao fimbo wanayo hasa: anayesinzia akiwa katika kutafakari hupigwa begani kwa ubao bapa. Ila anayepigwa humwinamia mpigaji, na mpigaji naye humwinamia yeye. Husimuliwa pia habari za mwalimu wao wa kale, Baizhang, ambaye uzeeni wanafunzi walimfichia zana za shamba ili apumzike. Mzee akagoma kula mpaka walipozirudisha. Simwambii mtu abadili dini. Nauliza tu ni mwalimu gani wa kwetu angekosa chakula kwa sababu hakulima.

Najua watakaosema usawa wa namna hii utamvunjia mwalimu heshima. Mimi niliyekaa mstarini asubuhi miaka yote ile nasema mtoto hapotezi heshima kwa mwalimu anayewahi. Humdharau anayemchapa kwa kosa ambalo yeye mwenyewe analo, na dharau hiyo haiondolewi na kiboko cha tano.

Basi, walimu wakuu wa Masasi na Newala, shule zikifunguliwa leteni mbele ya kamati ya shule madaftari mawili, la viboko na la mahudhurio ya walimu, yasomwe wazazi wakisikia. Na maji ya mwalimu, ayachote mwalimu.